Tairi kwanza, rimu baadaye

Ukitaka ugomvi na wenye magari ya zamani huku Ohio, siasa iache. Taja rimu. Injini isiyo ya asili watakusamehe, rangi isiyo ya kiwandani watakusamehe, lakini ukifika na Chevrolet Chevelle ya 1969 imekalia rimu za inchi 20, wazee watakupita bila salamu na vijana watakuja kupiga picha. Mimi niko upande wa wazee, ingawa umri wangu unaruhusu kuwa upande wowote. Mpwa wangu aliyeko Arusha amenisumbua WhatsApp tangu nilipoanza kutafuta matairi, "Anko, weka 20 basi gari lionekane," nami nikamuuliza lionekane na nani. Akacheka, lakini hakuridhika. Basi hili ndilo jibu lake, na la yeyote mwenye gari la aina hii, au anayeota kuwa nalo.

Gari langu ni Chevelle hiyo hiyo ya 1969, aina ya Malibu, milango miwili, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7. Sio SS, ile Chevelle ya nguvu zaidi. Wapo wanaobandika nembo za SS kwenye Malibu ya kawaida wakidhani hatutaona, lakini tunaona. Breki za mbele mwenye gari wa kwanza kabla yangu aliziondoa dramu akafunga diski za inchi 11, jambo la busara sana kwa chuma kizito kama hiki. Nililikuta na rimu nyembamba za chuma za inchi 14 nyuma, mbele rimu mbili za bei rahisi zisizofanana na chochote, na matairi manne ambayo muuzaji aliyasifia kuliko injini. Kashata zote, yaani ile michongo ya tairi inayoshika barabara, zimesimama, zinakaribia kuwa mpya.

Niliinama nikasoma ubavuni. Herufi DOT, kisha msururu wa namba na herufi, mwisho kabisa tarakimu nne: 2107. Wiki ya 21, mwaka 2007. Kuanzia mwaka 2000 matairi yote yanayouzwa Marekani yanaandikwa hivyo, wiki kisha mwaka, na tarakimu hizo zinasema kweli kuliko muuzaji yeyote. Gari la zamani hulala gereji miezi na miezi, kwa hiyo kashata haziishi, ila mpira unazeeka pale pale uliposimama. Ndani ya zile kashata nzuri palikuwa na mipasuko midogo, unaiona ukiukunja mpira kwa dole gumba. Watengenezaji wengi wanasema miaka kumi ndiyo mwisho, hata kama tairi halijagusa lami. Nilipunguza bei kwa hoja hiyo, nikalirudisha gari nyumbani juu ya trela.

Kusoma tairi nilifundishwa na baba. Alifanya kazi General Tyre pale Arusha, kiwanda ambacho serikali ilikijenga kwa ubia na General Tire ya Marekani, na utoto wangu wote mashati yake yalinuka mpira uliopikwa, hata baada ya kufuliwa na kuanikwa juani. Jioni tukipita mbele ya gari lililoegeshwa alikuwa ananiuliza saizi, na nikikosea ananirudisha nikasome upya. Sasa maisha yamenileta Akron, mji ambao General Tire yenyewe ilizaliwa mwaka 1915. Goodrich alifika hapa miaka ya 1870, Goodyear ikaanza 1898, Firestone 1900. Leo matairi ya magari ya kawaida hayatengenezwi tena mjini, ingawa Goodyear bado wanatengeneza hapa matairi ya mbio. Lakini uliza mzee yeyote kwenye kituo cha mafuta, atakwambia alifanya kazi kwenye mpira, au baba yake alifanya. Mtu akikosea tairi katika mji huu anajitakia.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Watu wengi wanaanza na rimu. Wanaona picha, wanapenda, wanaagiza, halafu wanatafuta tairi la kuingia kwenye rimu, halafu wanatafuta nafasi ya kuingiza tairi. Mimi nasema ugeuze. Anza na nafasi iliyopo chini ya bodi, nafasi ikupe tairi, tairi likupe upana wa rimu, na sura ya rimu ije mwisho kabisa ukiwa umeshajua namba zako. Sura ziko nyingi, lakini nafasi chini ya gari ni ile ile waliyoiacha GM, wenye Chevrolet, mwaka 1969.

Kwanza jua gari lilitoka na nini. SS 396 ya mwaka ule (396 ni inchi za ujazo za injini) ilitoka na tairi la F70-14 juu ya rimu ya inchi 14 kwa 7. Hiyo F ni daraja la uzito ambao tairi linabeba, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, 14 ni rimu. Kwa hesabu ya leo linaangukia kati ya 215/70R14 na 225/70R14, kipenyo takriban inchi 26. Hiyo 26 ndiyo namba ya kuishika kichwani, kwa sababu difu, spidometa na urefu wa gari kutoka chini vyote vilipangwa kwa kuifuata. Tairi la inchi 14 lenye ubora siku hizi limekuwa adimu, na rimu nyingi za 14 zinagusa kalipa, ile taya inayobana diski zangu za breki. Kwa hiyo 15.

Hesabu ya kipenyo ni ya darasa la tano. Chukua 255/60R15: upana wa milimita 255 mara 0.6 ni 153, ubavu wa juu na wa chini 306, ongeza rimu milimita 381, unapata 687, inchi 27 na kidogo. 235/60R15 inakupa 663, inchi 26.1. Mbele 235, nyuma 255, gari linainama kidogo mbele kama lilivyopaswa kuinama tangu enzi za Pontiac GTO ya 1964. Nyuma kukiwa na kipenyo kirefu kuliko cha asili, spidometa inadanganya: ikisoma 100 unakwenda karibu 103 au 104. Kwenye gia boksi za GM kuna kigia kidogo cha plastiki kinachoendesha waya wa spidometa, unabadilisha chenye meno tofauti, uongo unakwisha.

Lakini namba za kwenye karatasi hazijui gari lako limegongwa wapi miaka hamsini iliyopita, kwa hiyo pima. Mbele nilitoa springi kabisa, nikaweka jeki chini ya mkono wa chini, nikapandisha taratibu mpaka juu kabisa, usukani umekatwa hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Sehemu zinazogusa ni mbili: ile kona ya madigadi ya chini nyuma ya gurudumu, karibu na mlango, na ndani kwenye chasisi. Nyuma nilining'iniza uzi wenye nati mwishoni kutoka kwenye ukingo wa bodi, nikalaza rula ya chuma kwenye uso wa dramu pale rimu inapokaa, nikapima kwenda nje hadi kwenye uzi na kwenda ndani hadi kitu cha kwanza kinachozuia. Upande wa kulia nilipata pungufu ya robo inchi kuliko kushoto. Usishangae. Ekseli za magari haya hazikukaa katikati sawasawa hata siku zilipotoka kiwandani. Ukipima upande mmoja tu ukaagiza, upande wa pili utakusalimia kwa harufu ya mpira unaosagika.

Vipimo hivyo viwili, wa nje na wa ndani, ndivyo vinavyokwambia rimu ikae wapi. Ilaze rimu kifudifudi, weka rula juu ya ukingo wake wa nyuma, pima kushuka mpaka pale inapokutana na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hicho ndicho kina cha nyuma, na Wamarekani wa magari ya zamani wanazungumza kwa kipimo hicho zaidi kuliko ofseti, yaani milimita ambazo uso huo wa kukutana na habu umetoka katikati ya rimu. Angalia kitu kimoja: rimu inayoitwa ya inchi 8 ina 8 pale tairi linapokaa, ila ukingo kwa ukingo ni karibu 9. Kwa hiyo kina cha inchi 4.5 maana yake uso uko katikati, ofseti sifuri. Gari langu nyuma lilitaka hiyo hiyo, 15 kwa 8 yenye kina cha 4.5. Mbele 15 kwa 7 yenye kina cha 4.25. Ukileta rimu ya kisasa ya ofseti 45 kwa upana ule ule wa 8, kina kinapita inchi 6, na ukingo wa ndani unakwenda kugonga chuma kabla hujafunga nati ya pili.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoingia na wazo lake la BMW. Yeye anaendesha Toyota Mark X, na alishagundua kwamba matundu ya Mark X ni 5x114.3, yaani matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, sawasawa na Mustang ya V8 ya miaka ya sitini. Ni kweli, inchi nne na nusu ni inchi nne na nusu, Toyota na Ford hawakuulizana. (Rimu ya Toyota bado haitakaa kwenye Mustang bila kuchongwa, maana tundu lake la katikati ni milimita 60.1 na habu ya Ford inazidi 70.) Sasa akasema, Anko, Chevrolet yako ni 5x120.65 na BMW ni 5x120, tofauti haifiki hata milimita moja, chukua za BMW, zimejaa kila mahali.

Tofauti ni milimita 0.65 kwenye kipenyo cha duara. Kila stadi, yaani bolti ya habu inayopita kwenye tundu la rimu, iko nje ya tundu lake kwa theluthi moja ya milimita. Tepu haioni kitu hicho: kutoka stadi hadi stadi jirani kwangu ni milimita 70.9, kwenye rimu ya BMW ni 70.5. Na rimu itaingia, hilo ndilo baya lake. Tundu la katikati la BMW ni kubwa kidogo kuliko habu ya Chevrolet, kwa hiyo itapita, utakaza nati, gari litatembea. Ila koni za nati hazitakaa vizuri kwenye viti vyake, kila moja inaivuta stadi yake kuelekea ndani, na stadi za Chevelle ni nyembamba, 7/16 ya inchi. Chuma kinachopindwa kidogo kila gurudumu linapozunguka kitachoka tu. Nilimwambia mpwa wangu kwamba simkatazi, ila abiria wa kwanza awe yeye. Akabadilisha mada.

Juu ya nati sina utani. Rimu za aluminiamu nyingi za mtindo wa zamani hazitumii nati ya koni bali nati ndefu yenye shingo na washa, shingo inaingia ndani ya tundu. Rimu za koni zinataka koni ya digrii 60. Zipo pia zile zenye matundu marefu ya kukubali magari ya aina mbili tatu, zenye washa za kusogeza. Rimu za Cragar S/S nyingi za zamani ziko hivyo. Ni nzuri mno kwa macho, krome tupu, na mwaka 1964 zilipotoka hapakuwa na kitu kama hicho barabarani. Ila mimi washa inayoweza kukaa vibaya siitaki kwenye gari ninalopandisha familia.

Jirani yangu, mzee wa Kimarekani, ana Plymouth Road Runner ya 1968. Huku watu huitana kwa majina hata kama mmoja ni rika la babu, lakini mimi ulimi haukukubali, namwita Mzee, na siku hizi anaitika. Chrysler kwa miaka hiyo walikuwa wanaweka stadi za upande wa kushoto zenye uzi wa kinyume, zimepigwa herufi L kichwani. Kufungua unazungusha kulia. Mzee alipeleka gari kwenye duka moja la matairi, kijana akaja na mashine ya upepo, akaona nati imegoma, akaongeza nguvu. Zilikatika stadi mbili kabla Mzee hajafika akipunga mikono. Tangu siku hiyo anakwenda dukani na magurudumu yakiwa nyuma ya pikapu, gari linabaki nyumbani juu ya stendi. Nami nimeiga.

Mzee kwenye Road Runner amefunga matairi ya muundo wa asili, yale ambayo nyuzi zake zimepita mshazari, yanatolewa upya yakiwa na sura ile ile ya zamani. Gari linafanana na picha ya kiwandani, na kwa maonyesho ya kupewa alama hakuna njia nyingine. Lakini nimeliendesha. Asubuhi dakika za kwanza linadunda, kwa sababu tairi limelala usiku kucha likapata bapa pale lilipogusa sakafu, mpaka lipate moto. Na barabara ikiwa na michirizi iliyochimbwa na malori, usukani unaifuata michirizi, unabaki unasahihisha kushoto kulia kama unaendesha mtumbwi. Mzee anasema ndiyo ladha yenyewe. Sawa, ladha ni yake.

Mimi nilichagua BFGoodrich Radial T/A, tairi la radiali, yaani nyuzi zake zimepita moja kwa moja toka ubavu hadi ubavu badala ya mshazari. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1970, kwa hiyo haiko mbali na umri wa gari, ina herufi nyeupe zilizoinuka ubavuni, na saizi nilizozitaka wanazo zote mbili. Nitasema pia ubaya wake: ni tairi la kutembea, sio la mashindano. Daraja lake la mwendo ni S, kilomita 180 kwa saa, na kwenye kona kali yenye maji halitashindana na tairi la kisasa. Mwenye nia ya kukimbiza gari kwa kweli, kupiga breki kwa nguvu na kukata kona uwanjani, aende inchi 17, achukue kitu kama 245/45R17 ambacho kipenyo chake bado ni inchi 25.7. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu uko na 20. Ubavu unabaki wembamba wa vidole vitatu, na barabara za Akron kila machipuko barafu ikiyeyuka zinafunguka mashimo. Sasponsheni ya Chevelle ilibuniwa ikitegemea ubavu mnene uibebe nusu ya kazi. Ukiuondoa, kila shimo linakuja moja kwa moja kwenye rimu, kisha kwenye mgongo wako.

Sura ya rimu ilinichukua muda mfupi kuliko yote, maana nilikuwa nimeshabakiza zile zenye namba zangu tu. American Racing Torq Thrust, mikono mitano inayosinyaa ikielekea nje, katikati kijivu, ukingo umeng'arishwa. Zilianza miaka ya sitini kama rimu za mbio, za magnesiamu, na ile mikono iliachiwa nafasi ili hewa ipite kwenye breki. Za leo ni aluminiamu. Wapo watakaosema zimezoeleka mno, kila Chevelle ya tatu kwenye maonyesho ya Goodguys pale Columbus imevaa hizo hizo. Ni kweli. Na bodi ya kijani kibichi iliyokolea ikikutana na kijivu kile, sioni nilichokosa.

Siku ya kufungisha nilipeleka rimu na matairi dukani, nikabaki na kijana wa mashine mpaka mwisho. Matairi haya mapya yanakuja yamepakwa rangi ya buluu juu ya herufi nyeupe ili zisichafuke njiani. Usiogope, inatoka kwa maji ya moto, sabuni na brashi, ila isafishe kabla hujaendesha. Mwambie mapema herufi zikae nje, maana wapo wanaopenda ziingie ndani. Na vyuma vya kubalansi abandike ndani ya rimu, vile vya gundi, asigonge vya kubana kwenye ukingo uliong'arishwa.

Nyumbani nilikaza kwa mkono, kwa mtindo wa nyota, kisha kwa spana ya kipimo hadi futi-pauni 70. Baada ya kilomita themanini hivi nilikaza tena, na nati mbili zikasogea kidogo. Ndivyo aluminiamu ilivyo. Upepo nimeweka PSI 30 mbele na nyuma. Ile karatasi ya zamani ya gari inataka chini ya hapo, lakini iliandikwa kwa matairi mengine. Vivyo hivyo alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu: vipimo vya kitabu vya 1969 si vya radiali, mwambie fundi akupe kasta zaidi (ule mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) kadiri shimu, vile vipande vyembamba vya chuma vya mikono ya juu, zitakavyoruhusu, usukani utajirudisha wenyewe baada ya kona.

Kilichobaki ni spea, na hapo bado sijaamua. Ile rimu ya chuma ya inchi 14 iliyoko kwenye buti inakaa nyuma penye dramu, mbele kalipa inaikataa. Tairi la mbele likipasuka itabidi nitoe la nyuma nililete mbele, na 255 mbele litagusa madigadi nikikata usukani hadi mwisho, halafu 14 ndiyo iende nyuma, na difu ihimili vipenyo viwili tofauti mpaka nyumbani. Mzee ananiambia ninunue Torq Thrust ya tano, 15 kwa 7, yaishe. Mke wangu ameuliza bei yake. Kwa sasa buti lina pampu ndogo ya umeme na vifaa vya kuziba pancha, na namba ya simu ya Mzee, ambaye ana trela.